Shikamoo Haina Mkono

"Umekaa? Haya, simama. Hakuna anayejifunza kusimama akiwa amekaa."

Ndivyo ilivyoanza kaseti ya kwanza ya mamdogo. Mimi na rafiki yangu wa dukani tulikuwa tumekaa juu ya magunia ya chumvi, tukasimama kweli, kama wanafunzi walioingiliwa na mwalimu mkuu. Tukatazamana, tukaanza kucheka. Sauti ikasema, "Na usicheke. Najua unacheka." Rafiki yangu akaitazama redio kana kwamba ina macho.

Nilikuwa kidato cha pili. Sasa niko cha nne, nimebakiza miezi michache, na nimeona niyaandike haya kabla hayajachanganyika na mengine. Daftari la mwaka ule lilinyeshewa paa lilipovuja, kurasa zake zimegandamana, kwa hiyo ninayoyaandika hapa ni ya kukumbuka, si ya kunakili. Jina la mtu sitaandika hata moja. Kahama ni mji mkubwa kwa mgeni tu.

Mimi ni mtu wa aibu. Darasani nikiulizwa swali, jibu ninalo, ila linakaa kooni mpaka mwalimu ahamie kwa mwingine. Wageni wakija nyumbani kwetu Nyasubi, nakimbilia jikoni. Ni kwenye karatasi tu ambapo naweza kusema jambo lote mpaka mwisho wake.

Baba ni seremala. Karakana yake iko kando ya soko, ukuta kwa ukuta na duka la kina rafiki yangu, ambao ni Wahindi Waislamu na wamekuwapo Kahama tangu enzi za babu yao. Rafiki yangu, msichana wa rika langu, amekulia kaunta, akiwauzia wakulima chumvi na mafuta ya taa, na Kisukuma chake ni kizuri kuliko changu. Mwaka ule baba alipata mteja mkubwa kuliko wote aliowahi kupata: broka, dalali wa dhahabu, mtu wa makamo, mwenye pikipiki na koti la ngozi hata jua likiwaka. Alikuwa anajenga nyumba Nyahanga. Milango yote, madirisha yote, vitanda vyote alimpa baba. Basi akawa anafika karakana karibu kila siku, na Jumapili anafika nyumbani.

Kwetu mtoto wa kike akimwamkia mtu mzima anapiga goti kidogo, anatazama chini. Mtu mzima akinyoosha mkono, mtoto anaupokea kwa mkono wa kulia, huku wa kushoto umeshika kiwiko. Mkono wa mtu mzima haukataliwi. Nilifundishwa hivyo kabla sijajua kuhesabu. Broka alilijua hilo kuliko mimi. Nikimpa mkono, hauachii. Anaongea na baba mambo ya bawaba na vitasa, mkono wangu ukiwa bado ndani ya wake, na kidole chake cha kati kinanikuna taratibu katikati ya kiganja. Baba yuko hatua mbili tu, amebana misumari mdomoni, anaitikia "mm, mm". Na mimi nimetazama chini, kama nilivyofundishwa.

Kila msichana wa shuleni kwetu anajua maana ya kukunwa kiganja. Hakuna haja ya kuieleza.

Baadaye akaanza kunisubiri nikitoka shule, pale njia ya Nyahanga inapokutana na yetu. Anazima pikipiki, ananyoosha mkono. "Mchumba, mbona unapita kama hunioni? Njoo unisalimie." Naenda. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo: nilikuwa naenda kwa miguu yangu mwenyewe, napiga goti, natoa mkono.

Baba sikumwambia, na sababu ni dada yangu. Dada alikuwa darasa la saba alipoonekana kisimani amesimama na kijana. Wamesimama tu, ndoo ziko chini. Baba hakuuliza. Wiki ile ile alimwachisha shule, na kabla ya mavuno akaolewa kijiji cha wafugaji, mbali, ambako hata lori hufika kwa wiki mara moja. Siku naanza kidato cha kwanza baba aliniita, akaniambia, "Siku nitakayolisikia jina lako na la mwanamume kwa pamoja, shule imekwisha." Baba hana tabia ya kusema jambo mara mbili.

Kwa hiyo nilitaka kitu kimoja tu, kuutoa mkono wangu pale bila baba kujua kwamba uliwahi kushikwa, ili nibaki shule.

Nikamwandikia mamdogo.

Mamdogo ni mdogo wake mama, wa mwisho kuzaliwa. Alipokuwa kijana alipitia mafunzo ya mgambo kijijini kwao. Walianza wanawake sita, akamaliza yeye. Kisha akaenda machimboni upande wa Geita, akafungua banda la turubai, anawapikia wachimbaji. Ugali, maharage, dagaa, siku njema nyama. Hakuwa na mume, na alikuwa katikati ya mamia ya wanaume waliotoka kwenye maduara, ndivyo wanavyoita mashimo ya dhahabu, wengine wamepata, wengine wamekosa, na wote wana njaa. Mama alikuwa akisema kwa huzuni kwamba mdogo wake amepotea huko. Lakini dereva wa lori la dagaa, aliyekuwa analeta salamu zake, alituambia jambo jingine. "Yule? Yule hapotei. Pale bandani kwake mtu akitaka maji anaomba kwa adabu."

Barua yangu ilikuwa kurasa nne. Niliandika yote, kidole na kiganja, kila kitu. Sikuwahi kumwambia mtu kwa mdomo. Baada ya wiki mbili dereva akaacha dukani kwa kina rafiki yangu furushi la dagaa, na ndani yake kaseti. Mamdogo hapendi kuandika. Anasema kalamu inamchelewesha. Nyuma ya sauti yake lilisikika karasha linasaga mawe, sahani, na watu wakiita "Mama, ongeza mchuzi", naye anawajibu katikati ya somo, "Subiri wewe, nafundisha." Mwanzo na mwisho wa kaseti ulibaki muziki wa dansi aliourekodia juu yake.

Kwetu redio ilikuwa imekufa, ya dukani ilikuwa nzima. Ndiyo sababu rafiki yangu aliingia. Nilidhani atanicheka. Alisikiliza kaseti yote, akafunga mlango wa stoo, akasema, "Na mimi kuna mmoja hapa kaunta. Akipokea chenji anashika na vidole." Tukawa wanafunzi wawili, na mamdogo nikamwandikia hivyo.

Sheria ya kwanza ya mamdogo ilikuwa hii: msigusane. Nilishangaa. Nilidhani kujifunza kujikinga ni kukamatana na kuangushana. Yeye alisema hapana. "Mkianza kushikana mtaanza kucheka, mtaumizana vidole, na mama zenu wataona kanga zimechanika. Halafu mkizoea kushikana, mtazoea kushikwa. Kila mtu ajishike mwenyewe. Mkono wako wa kushoto ndio yeye."

Basi mkono wangu wa kushoto ukawa broka. Unaukamata wa kulia kwa nguvu, na wa kulia unatafuta njia ya kutoka. Mamdogo hakuwahi kuniona nikifanya, lakini alijua mahali nitakapokosea. "Unavuta nyuma. Usivute nyuma, hiyo ni kuvuta ng'ombe, na ng'ombe ana nguvu kuliko wewe. Tazama mkono uliokushika. Vidole vinne upande mmoja, kidole gumba peke yake upande mwingine. Pale kwa gumba ndipo mlango. Geuza kifundo chako kielekee mlangoni, kiwiko ukisogeze kwake, kisha toa, kama unavyochomoa mwiko kwenye ugali uliokaza."

Mwiko kwenye ugali uliokaza. Nimesonga ugali tangu nina miaka saba. Mwili wangu ulielewa kabla ya kichwa. Mkono ukachomoka, mara ya kwanza tu, nikabaki nautazama.

Hicho ndicho ninachomsifia mpaka leo. Mgambo walimfundisha kwa bunduki za mbao na amri za kijeshi, na yeye akayachukua yale yote akayageuza yawe ya jikoni, ili yaingie kwa msichana ambaye hajawahi kupigana hata na mdogo wake. Tulisimama kama tunasonga sufuria ya watu ishirini, miguu imeachana, visigino vimekanyaga. Macho tuliyaweka kifuani mwa mtu, si usoni, "maana uso unadanganya, kifua ndicho kinaanza kuja." Umbali aliupima kwa mwiko wake mkubwa wa bandani. Mtu asikae ndani ya mwiko mmoja bila wewe kutaka.

Kazi ya nyumbani tuliirekodi upande wa pili na kumrudishia kwa lori. Unaweza kuuliza, mazoezi ya mwili yanarekodiwaje? Sisi tulidhani haiwezekani. Tulifanya hatua zetu mbele ya redio, tukapumua, tukahesabu, tukatuma. Jibu likaja.

"Wewe mtoto wa dada, nasikia kandambili zako zinaburuza. Miguu yako imekaribiana, unaogopa kuchukua nafasi. Achanisha. Na wewe wa dukani, unabana pumzi. Nimekusikia ukihesabu mpaka nane, saba na nane hazina hewa. Pumua, mwanangu, hakuna anayekufukuza bado."

Rafiki yangu alikaa chini. "Huyu mama ni mchawi," akasema.

"Si mchawi. Anasikia."

"Basi mimi mama yangu tuko naye chumba kimoja na hasikii."

Betri zikichoka tulizianika juani juu ya ukuta. Kaseti tulizirudisha nyuma kwa kalamu ya Bic ili kuokoa nguvu. Wiki tatu, nne, tukawa tunajiona wanajeshi. Lakini njiani nilikuwa bado natoa mkono. Nikimwona broka, yote yanafutika kichwani, goti linajipiga lenyewe, mkono unajinyoosha wenyewe. Kujua njia ya kuuchomoa mkono hakukunifundisha kutompa tangu mwanzo. Hilo nililiandika kwa mamdogo. Akasema, tunakuja huko, kwanza sauti.

Na hapo kwenye sauti ndipo tulipoharibikiwa.

Ilikuwa Jumamosi mchana, soko limejaa. Kaseti ikasema, "Leo yowe. Si la kooni, hilo ni la panya. La tumboni. Liite kama nyumba inaungua. Nahesabu tatu." Tukapiga. La kwanza lilikuwa dogo. Mamdogo alikuwa ameacha nafasi kwenye kaseti, kisha akasema, "Hiyo ni sauti ya kuku. Rudia." Rafiki yangu akaudhika. Akavuta pumzi, akapiga ule ukelele mrefu anaoujua tangu utotoni kwa wateja wake, ule wenye kutetemeka, na mimi nikaungana naye.

Kwa asiyejua: Usukumani ukelele wa namna ile unaitwa mwano. Haupigwi kwa mchezo. Ng'ombe wakiibiwa, mtu akivamiwa, mwano unapigwa, na kila mwanamume anayeusikia anaacha alichoshika na kukimbilia ulikotoka. Asiyekwenda ana kesi, na anayeupiga bure ana kesi.

Mlango wa stoo ulifunguliwa kwa teke. Waliingia wanaume kama kumi, na nje wengine hawahesabiki. Marungu, mapanga, mmoja ana upinde, mmoja ndevu zake zimenyolewa upande mmoja na povu bado liko upande wa pili. Mbele alikuwa kiongozi wa sungusungu wa mtaa, muuza ng'ombe mnene, anahema. Nyuma yake baba, na randa yake mkononi.

"Yuko wapi?" akauliza kiongozi.

Mimi sikuwa na sauti tena hata ya kuku. Rafiki yangu akasema, "Nyoka."

"Nyoka gani?"

"Mrefu. Mweusi. Kaingia kule."

Wakatoa gunia moja moja. Magunia yote ya chumvi, maboksi ya sabuni, madebe. Mwenye upinde akawa amelenga pembeni, anatuambia turudi nyuma. Hakuna nyoka. Na katika ule ukimya wa watu wanaotafuta, redio, ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima, ikasema, "Sasa hilo ndilo yowe. Mkono wa mwanamume ukishasikia yowe kama hilo unaacha wenyewe. Tena mara moja."

Wote wakageuka. Mwenye ndevu nusu akasema, "Nyoka anaongea."

Walicheka, lakini kiongozi hakucheka. Akatuambia kwamba watu wametoka mbio kutoka Nyahanga, kuna mzee ameanguka akijikwaa, na siku ya mwano wa kweli watu wakisitasita, damu itakuwa juu yetu. "Mkirudia, wazazi wenu watasimama mbele ya baraza." Alikuwa na haki. Nilitamani chumvi ile inifukie.

Baba hakucheka pia. Aliijua sauti ya shemeji yake. Akachomoa kaseti, akaiweka mfukoni, tukarudi nyumbani. Uani akaniuliza, "Nani amekushika?"

"Hakuna, baba."

"Shemeji anafundisha watu kutoa mkono usioshikwa?"

"Ni mazoezi tu, baba. Ya michezo ya shule."

Nilimdanganya huku namtazama miguu. Akasema, "Nitakaposikia, unajua." Najua. Kaseti akazifungia zote kwenye sanduku la vyombo vyake vya kazi.

Nilimwandikia mamdogo kwamba tumekwisha. Jibu lake lilikuja kupitia dukani, ndani ya dagaa, na ndiyo kaseti ninayoikumbuka neno kwa neno, kwa sababu tuliisikiliza mara moja tu, redio imefunikwa kwa gunia, masikio yetu yamegusana juu yake.

"Nimesomewa barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, huyo nyoka. Mara ya pili sikucheka. Kosa ni langu, si lenu. Huku nilipo mtu anaweza kupiga yowe kutwa na hakuna anayegeuka, karasha linasaga, kila mtu ana shimo lake. Nimekaa huku mpaka nimesahau kwetu. Kwetu yowe ni la wote, halichezewi. Mwalimu akikosea anasema. Nimekosea."

Hapo tukasikia mwiko ukigonga sufuria. Sijawahi kumsikia mtu mzima akimwambia mtoto kwamba amekosea. Si baba, si mwalimu, si padri.

"Sasa sikilizeni. Mna sauti nyingine ambayo hakuna wa kuwakataza. Shikamoo. Nani kawaambia shikamoo ina mkono? Shikamoo haina mkono. Shikamoo ni neno. Mwamkie, mwamkie vizuri kuliko watoto wote wa Kahama, lakini nje ya mwiko, na kwa ile sauti ya tumboni. Piga goti lenu lile. Mnadhani goti ni unyenyekevu tu? Ukipiga goti umeshusha kiuno, visigino vimekanyaga, hakuna wa kukuyumbisha. Hapo tayari umesimama nilivyokufundisha. Mikono ishike kitu. Madaftari, ndoo, mikono yote miwili. Asipoitikia, mwamkie tena. Mtoto anayeamkia hana kosa popote duniani. Mwenye kosa ni asiyeitikia."

Rafiki yangu akainua kichwa. "Umesikia? Tulikuwa nayo muda wote."

Tulifanya mazoezi bila kaseti, juu ya magunia yale yale. Baba yake alipochungulia na kutukuta tunaamkia ukuta, alisema, "Naona siku hizi mmekuwa na adabu," akaenda zake.

Siku yenyewe haikuwa njiani. Nilikuwa nimejiandaa kwa ajili ya njiani, mahali ambapo baba hayupo. Ilikuwa Jumamosi nyingine, nimempelekea baba chakula karakana, bakuli mikononi limefungwa kwa kitambaa. Broka alikuwa amekaa juu ya mlango wake mmoja uliolazwa kwenye meza ya kazi. Baba alikuwa ndani anapiga randa. Nje ya karakana, bibi mmoja aliyekuwa akiuza michembe, vile viazi vya kukaushwa, alikuwa amepanga mafungu yake.

"Mchumba kaleta chakula," akasema broka, na mkono ukanyooka.

Nikasimama. Niliona kifua chake, sikuona uso. Nikapiga goti.

"Shikamoo, baba."

Ilitoka kubwa. Sikuitarajia mwenyewe. Watu wawili watatu wakageuza shingo. Randa ya baba ikanyamaza.

"Njoo unisalimie vizuri," akasema, mkono bado uko hewani.

"Shikamoo, baba." Kubwa zaidi. Visigino vimekanyaga.

Akacheka, akatazama pembeni, akaona anatazamwa. "Huyu leo kafanyaje?"

"Shikamoo, baba."

Bibi wa michembe akasema kwa Kisukuma, kisha akarudia kwa Kiswahili ili wote wapate, "Wewe mwenye koti, mtoto anakuamkia mara tatu. Huna marahaba hata moja?"

Watu wakacheka. Broka akashuka kwenye mlango, akaja hatua mbili, akanishika kifundo cha mkono, na bakuli likayumba. "Heshima ni mkono," akasema kwa sauti ya chini, na kile kidole kikaanza kutafuta njia ya kiganjani.

Sikufikiri. Kifundo kikageuka kuelekea gumba, kiwiko kikaenda kwake, mkono ukatoka. Hakupigwa mtu, hakusukumwa mtu. Maharage yalimwagika kidogo kwenye kitambaa. Yeye akabaki ameshika hewa mbele ya soko zima, na baba amesimama mlangoni.

"Fundi, binti yako amekuwa askari," akasema broka.

"Mkono wake ulikuwa unautakia nini?" baba akauliza.

"Salamu tu, fundi."

"Salamu alitoa," akasema bibi. "Mimi masikio yangu mabovu, na nimezisikia zote."

Baba akaniambia niingie ndani. Nikaweka bakuli juu ya maranda ya mbao. Nilijua shule imekwisha. Nilikuwa nimelifanya lile lile ambalo nilikuwa nakwepa kwa miezi mitano, jina langu na la mwanamume, pamoja, mbele ya watu. Nikaona heri nimalize.

"Ananikuna kiganja, baba. Tangu alipoleta kazi ya milango. Hata wewe ukiwapo."

Baba akakaa kwenye kigogo. Akakiangalia kiganja chake mwenyewe kwa muda, kikubwa, kina makovu ya patasi.

"Hata mimi nikiwapo," akasema.

"Ndiyo, baba."

Nje pikipiki ikawashwa, ikaondoka. Nilisubiri aseme neno la shule. Hakusema. Badala yake akauliza, "Na dada yako. Siku ile kisimani. Naye alikuwa ameshikwa?"

"Sijui, baba. Hakuna aliyemuuliza."

Sijui nilipata wapi ujasiri wa kusema vile. Alikula chakula chake chote, taratibu, na kuniambia nipeleke bakuli nyumbani.

Jumapili alikodi mkokoteni, akapakia milango yote ya Nyahanga, iliyokwisha na isiyokwisha, na mbao ambazo hazijakatwa, akausukuma pamoja na mwenye mkokoteni mpaka kwa broka. Miezi iliyofuata alikuwa anatengeneza vigoda na miiko. Jumatatu asubuhi nilikaa jikoni bila kuvaa sare, kwa sababu sikutaka kuivaa halafu niivuliwe. Akapita, akanitazama.

"Mbona hujavaa?"

"Sikujua kama naenda, baba."

"Unachelewa," akasema. "Na viatu hivyo vimekwisha soli. Pita kwa fundi, mwambie nimesema mimi."

Nilimwandikia mamdogo kurasa sita. Nilidhani atanisifu. Alituma kaseti fupi mno, karasha linasaga nyuma. "Nimefurahi. Lakini bakuli lilimwagika, maana yake ulivuta kwa bega. Kiwiko, nimesema kiwiko. Fanyeni mara ishirini kila siku, kila mtu na mkono wake." Nikacheka peke yangu mpaka machozi. Mtu aliyekuwa mbali huko upande wa Geita, nyuma ya sufuria, alikuwa ameliona bega langu.

Wiki ile ile baba alimwambia mama anasafiri, akapanda lori linalokwenda kijijini kwa dada. Hakwenda kwa msiba wala kwa mahari, na hakuna aliyejua alikwenda kusema nini. Mama alimfungia karanga na kanga mpya ya kumpelekea. Alipoondoka nilikuwa shuleni, na aliporudi, kwa lori la wiki iliyofuata, nilikuwa shuleni.